Beki Aliyesimama Kusalimia

Kata yetu ya Mkunya ina timu mbili. Kila msimu vijana wapya husimamishwa mstari mmoja, halafu makocha wawili huwachagua kwa zamu, huyu mmoja na yule mmoja. Mwaka huu shilingi ilirushwa na kocha wetu akapata kuchagua wa kwanza. Walikuwepo washambuliaji wawili wenye mbio, na kipa mrefu ambaye kila mtu alimtaka. Kocha akanyoosha kidole kwa kijana mwembamba wa mwisho, aliyevaa viatu vinavyomzidi, akasema, "Yule."

Watu wa timu ya pili walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Kocha, huyo umemchukua acheze au awe bendera ya kona?" mmoja akauliza.

"Ni beki," kocha akajibu.

Mimi sikucheka, maana beki nilikuwa mimi. Jezi namba nne nilikuwa nayo misimu mitatu, mpaka siku niliyokwenda kuokota korosho, nikakanyaga bibo bichi la kuteleza. Sikuumizwa na straika wala kiatu cha mtu. Niliumizwa na tunda, na goti likavimba.

Kocha wetu ni fundi cherehani. Aliniita barazani kwake akaniambia bila kuacha kushona.

"Orodha ya ligi napeleka Ijumaa ijayo. Nafasi ya beki imebaki moja. Ni wewe na goti lako, au ni yeye. Mtazame mechi mbili, kisha niambie atafika wapi." Akasimamisha mguu kwenye pedeli, akanitazama. "Au basi, andika. Tukingoja wewe useme, ligi itaisha."

Ni kweli mimi si msemaji. Kuandika najua, darasa la saba nilimaliza, ila naandika polepole kama mtu anayengoja kila herufi ikauke.

Mechi ya kwanza ilikuwa ya kirafiki na Mnyambe. Nilikaa pembeni na daftari juu ya goti zima. Straika wao ni mtu mzima mwenye kitambi, anakimbia kama aliyesahau kitu nyumbani. Nikaona huyu hata mimi na goti langu ningemkaba. Lakini mtu yule alikuwa mjomba wa beki wetu, kaka mkubwa wa mama yake. Kwetu mjomba si mtu wa kupishana naye hivi hivi. Ukioa ndiye anayesimama, ukikosea ndiye anayeitwa, na ukimwona usimsalimie, ukoo mzima utapata habari kabla ya jioni.

Dakika za mwanzo mjomba alipata mpira, akaja nao taratibu. Kijana akamkabili vizuri. Mjomba akamwita kwa upole, kama wajomba wanavyowaita wapwa zao.

"Hujambo, mjomba?"

Kijana akasimama. Mikono akaiweka mbele, kichwa akainamisha. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Hilo la mwisho aliliambia mgongo, kwa sababu mjomba alikuwa ameshapita. Kipa wetu naye alikuwa anasikiliza habari za nyumbani, na mpira ukaingia.

"Muulizeni na bibi yake, tufungwe la pili," mtu akapaza sauti.

Nikachukua kalamu, nikaandika: *Anasalimia.* Wakati wa mapumziko kocha alikuja akasoma.

"Nimekuuliza uwezo, umeniandikia adabu."

Nilijua kwamba neno lile peke yake lilitosha kumtoa kwenye orodha, na halikuwa uongo. Nikiri kwamba nilifurahi. Nilikunja goti kujaribu, likaniuma, nikalinyoosha tena.

Kipindi cha pili mjomba alichoka, akatolewa, nami nikaanza kumwona kijana. Alikuwa hatazami mpira. Alitazama kiuno cha mtu, na kiuno kikielekea kulia yeye alikuwa ameshafika kulia. Hakujitupa chini hata mara moja. Mimi kwa misimu mitatu nilikuwa najitupa, watu wakishangilia vumbi, kumbe nilijitupa kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Hilo nililijua siku ile. Sikuliandika.

Baada ya mechi tulijikuta wawili kwenye ndoo ya maji. Yeye akangoja nianze kusema kwa kuwa mimi ni mkubwa. Mimi nikangoja aanze yeye kwa kuwa ndivyo nilivyo. Tulikunywa maji mengi kuliko kiu yetu. Mwishoni nikamwambia, "Wasalimie mapema."

"Mapema lini, kaka?"

"Kabla ya filimbi."

Mechi ya marudiano ilichelewa kuanza kwa sababu yake. Aliingia uwanjani akamshika mjomba mkono, akauliza habari za shamba na za mkewe. Akawapitia watu wazima wote wa Mnyambe, akamaliza na mwamuzi. Mchezaji mmoja wao aliuliza kama kuna msiba.

Mpira ulipoanza, mjomba akaja na ujanja wake.

"Hujambo, mjomba?"

"Tumeshasalimiana, mjomba. Samahani," kijana akasema, na mpira akawa nao. Mjomba akabaki amekaa kwenye mchanga. Aliinuka akijipangusa, akawaambia watu wake, "Huyo ni wa dada yangu," kana kwamba yeye ndiye aliyefunga.

Alhamisi asubuhi nilikaa barazani kwa kocha, nikaandika mpaka jua likafika miguuni. Niliandika kwamba mpira wa kichwa anafumba macho, na mguu wa kushoto hana. Niliandika habari ya kiuno. Niliandika kwamba akila vizuri, misimu miwili ijayo Newala mjini watakuja kumwomba. Kisha nikaongeza jambo ambalo kocha hakuniuliza: *Goti langu bado. Nilikuwa nasema limepona.*

Kocha alisoma yote mara mbili. Alikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Jezi iko wapi?"

Nilikuwa nimeivaa ndani ya shati. Niliivua nikampa, haijafuliwa, maana maji ya wiki ile yalikuwa ya kunywa tu. Kijana akaitwa, akavalishwa, ikamning'inia kama pazia. Kocha akaweka pini kila upande, upana wa vidole viwili, akakaa kwenye cherehani. Mkasi ulikuwa karibu na mkono wake nami nikautazama. Hakuushika. Kitambaa kilichozidi alikikunja kwa ndani, akapitisha mshono mmoja mlegevu, wa kufumuka kwa kuvutwa uzi.