Fyuzi Iliyobaki Mfukoni

Chekeni mkitaka, mimi nimezoea, maana tangu jioni ile siwezi kupita sokoni Nchelenge bila mtu kuniuliza kama taa zangu bado zinawaka. Basi na nyinyi mjue kabisa: mimi ndiye niliyemkalisha mama mkwe wangu juu ya moto. Sikukusudia, lakini katika mambo kama haya hakuna anayekuuliza ulikusudia nini.

Ilikuwa miaka ya hamsini inakaribia kwisha, nami nilikuwa fundi wa injini kwenye nyumba ya barafu ya Mgiriki mmoja aliyenunua samaki pale ufukweni. Mguu wake ulikuwa mbovu, kwa hiyo akajiletea kutoka Elisabethville kigari cha umeme, kile ambacho Wazungu wa migodini hupanda wakicheza gofu, hakina kelele, kina kiti kimoja cha watu wawili, na chini ya kiti zimepangwa betri sita ambazo tulizichaji kwa injini ya barafu. Mimi nilikuwa nimemchumbia Mwape wa kisiwa cha Kilwa, hiki cha humu ziwani kwetu. Na kwetu, kama mnavyojua, mkwe na mama mkwe wake (sisi twamwita nafyala) hawasemezani, hawatazamani, na kumgusa ndiyo kabisa haifai. Kila neno linapita kwa mshenga, na mshenga wangu alikuwa Ba Mulenga.

Siku ya wanawake wa kwao Mwape kutuletea vyakula, kabla ya ndoa ya kanisani, ilijulikana kwamba nafyala miguu imemvimba, hawezi kutembea kutoka gatini mpaka nyumbani kwa mjomba wangu. Nikajitolea kigari cha Mgiriki. (Nani aliniomba? Hakuna.) Mgiriki akakubali, rafiki yangu Chola akakubali kuendesha, na hapo ningenyamaza ningekuwa leo na mke na wajukuu. Lakini nilikuwa nimesoma kazi yangu katika gereji za Elisabethville, nikataka kisiwa kizima kijue, nikasema giza litawakuta njiani, kigari hakina taa, nitakifungia taa.

Nikachukua taa mbili za pikipiki kuukuu, nikazifunga mbele pamoja na swichi yake. Umeme nikautoa kwenye betri moja tu, kwa sababu betri zote sita pamoja zingezichoma taa zile mara moja, na hapo sikukosea, mjue hilo. Waya mbili nikazibana kwenye betri, nikazitoa nje kwa kuzipitisha ukingoni mwa kiti, nikateremsha kiti nipime kama zinafika mbele. Kazi iliyobaki ilikuwa kuinua kiti tena, kutia fyuzi karibu na betri, na kuzifunga waya vizuri mbali na ule ukingo wa chuma. Nikaenda ndani kutafuta fyuzi.

Niliporudi, nafyala alikuwa ameketi juu ya kiti.

Ziwa lilikuwa tulivu, mtumbwi wao ulifika mapema, mama wa watu miguu inamuuma akaona kiti akakaa, kosa lake liko wapi? Nikageuza uso nikajificha nyuma ya ukuta na fyuzi mkononi. Ba Mulenga alikuwa ametangulia kwa mjomba kusema wageni wamefika. Nilifikiri nimwambie Chola amwombe mama asimame, lakini Chola angeuliza kwa nini, wanawake wa Kilwa wangesikia, na mimi ningeonekana fundi ambaye kazi yake haijaisha. Nikatia fyuzi mfukoni. Nikapita mbele ya kigari nimeinama kama mwizi wa kuku, nikaunga waya kwenye swichi, taa zikawaka, wanawake wakapiga vigelegele, na nisiwafiche, moyo wangu ulifurahi sana.

Wakaondoka, sufuria za kuku na samaki zimefungwa nyuma, wanawake wanaimba pembeni, Mwape katikati yao amefunikwa kitambaa, mimi nafuata kwa mbali inavyonipasa. "Taa iko inawaka muzuri, fundi," Chola akanipigia kelele. Barabara ya ufukweni ina mashimo, na nafyala alikuwa mama mwenye mwili, kila shimo kiti kikazidi kuzikandamiza zile waya, mpira uliozifunika ukakatika, waya zikagusana. Fyuzi ingekuwepo ingekatika na mambo yangeishia gizani. Haikuwepo. Waya zikawa nyekundu, nyasi zilizojazwa kitini zikashika, moshi ukatoka, na Chola, rafiki yangu mpenzi, akaruka akakimbia.

Mwanamke mmoja akalia, "Mama eko anaungua!" lakini kila mtu alisimama tu, na pindo la kitenge cha mama lilikuwa linawaka. Nikakimbia. Nikamkumbatia nafyala wangu kiunoni kwa mikono miwili mbele ya watu wote, kilemba kikaanguka, nikambeba nikamtia majini mpaka magotini. Kigari kikateremka chenyewe na vyakula vyote kikaingia ziwani karibu yetu, na taa moja (ile ya kushoto) ikaendelea kuwaka chini ya maji.

Hakuungua, namshukuru Mungu. Alisimama amefunika uso kwa mikono, akawaambia wenzake kwa sauti ndogo, "Munitolee huyu mutu."

Hakuna aliyezungumza habari ya moto tena. Walizungumza mikono yangu. Asubuhi walirudi Kilwa na Mwape, na Mwape hakugeuka hata mara moja, nami nilisimama gatini mpaka mtumbwi haukuonekana. Aliolewa huko huko na mvuvi. Mgiriki alinifukuza kazi, hilo halikuniuma hata kidogo.

Ba Mulenga alinikuta nimekaa pale pale. Nikamweleza kila kitu, fyuzi, kiti, waya, nikamwuliza ningefanya nini na mdomo wangu umefungwa na desturi. Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma kuliko yote.

"Ungekohoa tu, mutoto yangu," akasema. "Mukwe akikohoa, nafyala anasimama, anaenda zake. Haukufundishwa kule mujini?"

Sikufundishwa. Nilifundishwa betri.

Tangu siku ile sifungi waya yoyote mtu akiwa ameketi juu ya kazi yangu, hata awe chifu, atashuka kwanza na fyuzi itaingia. Na nikiwaona wanawake wa Kilwa wanapanda kutoka gatini na samaki wao, nakohoa nikiwa bado mbali. Wananipisha njia wote, kwa adabu kabisa, na Mwape naye hunipisha.