Nilivyohamisha Tovuti ya Mama Zangu wa Utende

Jamani, hiki kisa nikikisimulia chekeni mara moja tu mnyamaze, maana Utende nzima imeshanicheka ya kutosha, na hadi leo nikipita gengeni lazima nisikie mtu anakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Kufedheheka nimezoea (mimi ni mwalimu, ni sehemu ya kazi), lakini ile siku sikufedheheka, nilivuliwa nguo mchana kweupe.

Mimi ni mtu wa Njombe, nafundisha kompyuta sekondari huku Utende, kisiwani Mafia, na tangu nifike nimepanga kwa Bi Somoe, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaopokea majumbani mwao wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe, wale papa wakubwa wasiouma, wanawapikia, wanawafundisha kusuka ukili wa mikeka. Bi Somoe hajawahi kuniita mpangaji, ananiita mwanangu. Mwezi wa Ramadhani futari inanikuta mlangoni (mimi Mlutheri, na nakula kuliko waliofunga). Kwa hiyo waliposema tovuti yao imechakaa, haifunguki kwenye simu na aliyeitengeneza hapatikani tena, nikajipiga kifua, nikasema niachieni mimi.

"Na wanaotujua kwa jina lile la zamani?" akauliza Bi Somoe.

"Jina ni lile lile, hata herufi haibadiliki. Ni kama mtu kuhama nyumba, Bi Somoe, anahama na jina lake."

Nikahamisha kweli. Huko kwenye jukwaa jipya la kutengenezea tovuti nikachagua templeti ya mgahawa, yaani tovuti iliyokwisha kupambwa na kujazwa picha za mfano, wewe unatoa zao unaweka zako. Juu ya kila ukurasa nikaweka picha ya Bi Somoe anatabasamu na jina la kikundi. Ukurasa wetu wa vyakula kwenye tovuti ya zamani uliitwa "menu", mimi nikauita "vyakula", si sisi ni Waswahili bwana, tunamwiga nani? Templeti nayo ilikuja na "menu" yake. Nilitaka kuifuta, ikaniuliza kama nina uhakika, na mimi nikiulizwa hivyo huwa sina, basi nikaiondoa tu kwenye orodha ya juu, ikawepo huko ndani bila mlango wa kuingilia. Nani ataiona?

Ndipo akaja Dada Salha kutoka Dar, wa kampuni moja ya utalii, kuangalia kama kikundi kinafaa kuletewa wageni msimu mzima. Akina mama walikuwa wakiisubiri siku hiyo kama Idi. Tukakusanyika darasani, madirisha tumeyaziba kwa mikeka, projekta ya shule ukutani, nami mbele na shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Nikaonyesha tovuti, ikapendeza, vigelegele vikapigwa. Laiti ningeishia hapo!

Dada Salha akawa anaangalia kanga. Akina mama wote walivaa sare, kanga walizochapisha wenyewe, na pale kwenye jina la kanga, panapokaaga yale maneno ya kumsema jirani, wao waliandika anwani ya tovuti. "Ni hii hii mliyoivaa?" akauliza.

"Hiyo hiyo!" nikadakia (nani aliniuliza?). "Nimehamisha kila kitu, jina halijaguswa."

"Basi ifungue kama ilivyoandikwa, tuone."

Bi Somoe akageuka, akanipa mgongo, akaivuta kanga inyooke nisome vizuri, nami nikawa naandika herufi moja moja kwa madaha, kumbe akina mama hawakuchapisha anwani ya mbele, walichapisha ya vyakula vyao wanavyojivunia, mwisho wake mkwaju (kile kistari cha kulala), kisha "menu", nikaandika na hiyo, nikabonyeza, na mkono ulipobonyeza ndipo akili ikafika.

Mtandao ulikuwa mzito, picha ikawa inashuka taratibu kutoka juu. Kwanza Bi Somoe anatabasamu. Chini yake masikio. Kisha macho yaliyofumbwa. Kisha pua, na mdomoni tunda. Nguruwe mzima, amebanikwa akaiva, amelala kwenye sinia, na pembeni glasi mbili za mvinyo.

"Astaghfirullah!" akasema mama mmoja nyuma. Mwingine akauliza, "Huyo mnyama gani?" na aliyemjibu akajibu kwa sauti kubwa mno.

Kompyuta ikaganda. Nikakimbilia ukutani kumziba kwa mwili wangu, mnyama akahamia kwenye shati, masikio mabegani, pua kitovuni. Nami badala ya kunyamaza nikaanza kujitetea: "Jamani, si mimi niliyemleta, alikuwemo tangu mwanzo, mimi nilimficha tu!"

Hapo sikuwa nafikiria tena kampuni wala msimu. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kwamba hawa mama watadhani nimewafanyia dhihaka, mimi mla kitimoto wa bara (kitimoto ndiye nguruwe huyo huyo) waliyemfungulia milango yao, na kwamba sitaingia tena jikoni kwa Bi Somoe bila kubisha.

Bi Somoe akaja mpaka mbele yangu. "Mwalimu, umetuwekea kusudi?"

"Wallahi sikujua, Bi Somoe." (Mlutheri mimi, wallahi!) Machozi yalikuwa yananilenga.

Akanitazama hasa. "Basi kaa, mwondoe. Hatoki mtu humu mpaka atoke yeye."

Nikawasha kompyuta upya, nikafuta mbele yao wote. Akatoka nguruwe, vigelegele. Ikaulizwa "kuna wengine?" nikakuta ukurasa wa mivinyo, ukatoka, vigelegele. Ikatoka na picha ya mpishi mmoja mwenye michoro mwili mzima, mama mmoja akasema huyo angebaki kidogo, darasa likaangua kicheko, na mimi ndipo nikavuta pumzi. Halafu nikaielekeza anwani ile ya kwenye kanga iende moja kwa moja kwenye vyakula vyetu. Bi Somoe akaijaribu kwenye simu yake mwenyewe, ikafunguka pweza wa nazi na mkate wa kumimina, akaipitisha simu mkono hadi mkono, mpaka kwa Dada Salha ambaye alikuwa anafuta machozi ya kucheka kwa mtandio. Akasema watu wanaojua kumaliza jambo namna hii hataogopa kuwaletea mgeni.

Na akaleta. Mimi nimeapa sitahamisha tena kitu cha mtu, hata sufuria, kabla sijamuuliza mwenyewe watu wanakipataje na wanapitia wapi, na nisichokihitaji nakifuta, hata nikiulizwa mara kumi kama nina uhakika.

Wageni wa kwanza walipofika, mmoja akauliza chakula cha mchana ni nini. Bi Somoe akamwambia, "Tuna samaki, tuna pweza. Ukitaka kingine muulize mwanangu huyu, anajua kuficha." Wote wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao, maana mtu hamtanii aliyekwisha kumtoa moyoni.