Gitaa Lililokataa Kunyamaza

Usinicheke. Wengi wamenicheka. Hata padri alinishauri nipumzike, nami nikamwambia apumzike yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo, macho yangu makavu, mchana kweupe.

Ilikuwa hapa Kisangani, majeshi mawili ya kigeni yalipomaliza kupigania mji wetu kana kwamba hauna wenyewe. Nani aliyaita? Tuache. Rafiki yangu Bolamba, mpiga gitaa la solo wa bendi yetu, alipotea siku mabomu yalipoanza kuanguka. Ukoo wake ukatangaza kuwa ametorokea mji wa Isangi kwa mwanamke mwingine. Hakuna maiti, hakuna matanga, wakasema, kisha wakamtoa mkewe Mado nyumbani na mimba yake, kama mke aliyeachwa. Mke wangu akampokea kwetu. Niliwachukia watu wale, lakini Bolamba nilimkasirikia kuliko wote, maana niliamini ametoroka kweli.

Siku ninayokuambia, umeme ulikuwa umerudi. Nilikuwa kwenye karakana yangu nikimalizia gitaa tulilochonga mimi na yeye kutoka kwenye mlango wa zamani. Maikrofoni ya gitaa, ile inayonasa mtikisiko wa nyuzi, tuliizungushia waya wa feni iliyoungua. Nikachomea waya wa mwisho, ule wa ardhi tunaouita masse, unaotoka kwenye nyuzi hadi kwenye tundu la kebo. Fundi yeyote atakuambia: ukichomeka gitaa la umeme huvuma, ukishika nyuzi mwili wako unalinyamazisha. Nikashika. Kimya.

Nikainua macho. Bolamba amekaa kwenye kiti cha wateja.

Hofu? Hofu gani! Nilimvaa kwa maneno. "Weye, unatoka wapi? Bibi yako Mado iko analia kwangu kila siku, na weye unatembea tu!"

Alichukua gitaa mikononi mwangu, akaweka vidole vyote juu ya nyuzi. Likavuma. Nikamnyang'anya, nikashika mimi: kimya. Nikamrudishia: likavuma tena. Nikafungua kifuniko nikivuta waya mmoja mmoja, huku namtukana yeye na wajomba zake. Kila kitu kilikuwa imara. Nikampa mara nyingine, likavuma vilevile. Niamini, hapo ndipo matusi yaliponiishia. Kazi yangu haikuwa na kosa, ila mwili wa kulinyamazisha gitaa haukuwepo.

"Kaka," akasema polepole, "mi sikukimbia. Niko nyuma ya dispensaire, mu ile mufereji walifukia mbio mbio. Ambia Mado."

Kufumba na kufumbua, kiti kitupu.

Tulichimba mfereji ule wa nyuma ya zahanati. Tukamtambua kwa kipande cha kebo alichojifungia suruali tangu njaa imkondeshe. Matanga yakafanyika, na ukoo uleule ukaja kulia kwa kelele kuliko Mado mwenyewe. Mjomba wa Bolamba nilimfukuza mlangoni mbele ya watu, na sijajuta hata leo.

Magitaa bado natengeneza. Lakini mteja anaposhika nyuzi kwa mara ya kwanza, navitazama vidole vyake mpaka nisikie kimya.

Nawe unayesoma, sikia. Siku vita vikipita kwenu na watu wakasema fulani ametoroka, kaacha mke, usiongeze neno lako. Chukua jembe kwanza.