Siku Kombaini Iliponipita Mlimani

Nimewahi kupitwa na mashine niliyokuwa naivuta mwenyewe.

Rudia kusoma kama hujaelewa. Mimi niko mbele juu ya katapila, kombaini, mashine ya kuvuna ngano, iko nyuma yangu, tumeunganishwa kwa chuma. Nageuza shingo kushoto, naiona hiyooo inanipita. Na mshona magunia yuko juu yake, anashona zake kwa raha.

Agosti 1956, vilima vya ngano vya Palouse. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na tayari nimeshafukuzwa kazi sita, nyingine tano nimezikimbia mwenyewe.

Nilikuwa nimechoka kutangatanga. Nilikitaka kile kiti cha katapila kuliko kitu chochote duniani.

Bosi wetu alikuwa mjane, Mama Hulda Engebretson. Alikuwa na sheria moja tu.

"Atakayeharibu mashine ya marehemu mume wangu, ataondoka kabla ya chakula cha mchana."

Na chakula chenyewe sasa! Kuku wa kukaanga, viazi, pai ya cheri. Yaani ukifukuzwa, umeadhibiwa mara mbili.

Asubuhi ile kifungo cha suruali yangu kilikatika.

Nikatafuta waya, sikupata. Macho yakatua kwenye pini kubwa inayounganisha katapila na kombaini. Pini ile hushikwa na kipini chembamba, kama cha nywele, ili isirukeruke ikachomoka. Nikakichomoa, nikafungia suruali. Mahali pake nikapachika msumari nilioupinda.

Nikajisemea: kipini chuma, msumari chuma, tatizo liko wapi?

Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyesoma madarasa matatu katika shule saba.

Kule vilimani ngano hukatwa kwa kuzunguka ubavu wa kilima, taratibu. Hakuna anayekata moja kwa moja kuteremka, hata awe amelewa. Juu ya kombaini walikuwa watu wawili. Verl, aliyezungusha gurudumu la kuiweka sawa isilale upande. Na mzee Ansgar wa magunia, aliyekaa ameipa mbele mgongo, masikio yameliwa na injini miaka thelathini.

Tukafika kona ya juu. Katapila ikapanda tuta, ikatua kwa kishindo.

Sikusikia kitu. Juu ya katapila husikii hata mawazo yako. Niliona tu kivuli kikubwa kinapita pembeni.

Verl akaruka. Aliruka vizuri, mwacheni, kama chura.

Ansgar akabaki.

Kombaini ile ina injini yake yenyewe, kwa hiyo haikuacha kazi. Iliteremka huku inakata, inapura, inajaza magunia. Mstari mmoja, umenyooka kama rula, toka kileleni hadi bondeni. Ikaingia kwenye udongo laini karibu na uzio wa jirani, ikapunguza mwendo, ikasimama. Haikupata hata mkwaruzo.

Nilikimbia huku nimeshika suruali.

Ansgar akainua kichwa. "Roscoe! Leo ndiyo umeendesha kama mwanamume. Siku zote unanitia usingizi tu."

Alikuwa ameshashona magunia mawili.

Jirani, Bwana Lindqvist, alikuwa ameona yote toka ng'ambo. Akaruka uzio, kofia mkononi.

"Jamani! Kilima kile? Kuteremka? Nani katoa wazo hilo?"

Verl ndiyo anafika, anachechemea, majani mdomoni. Angesema nini? Kwamba ameruka akamwacha mzee?

"Tulipanga," akasema. "Mimi nilishuka kupunguza uzito."

Lindqvist akanigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Hadi saa sita habari ilikuwa imeshazunguka bonde zima. Majirani wakaja kunipa mkono. Mmoja akaniita bingwa. Nikaanza kuuzoea ubingwa, si unajua binadamu.

Tukakaa mezani. Kabla hatujagusa uma, Mama Hulda akasema:

"Kesho utarudia, Roscoe. Kwenye kilima cha Lindqvist, watu wote waone. Ansgar atapanda. Na wewe Verl utapanda, safari hii hakuna kupunguza uzito."

Verl akageuka rangi ya maziwa.

"Niko tayari!" akapaza sauti Ansgar, baada ya kupigiwa kelele sikioni. "Nitashona matatu!"

Nikamtazama yule mzee, leso shingoni, anacheka kama bwana harusi. Nikinyamaza, kiti ni changu mpaka kesho, na kesho namzika. Nikisema, naondoka sasa hivi, bila kuku, bila kiti, barabarani tena.

Nikasimama.

"Mama, hatukupanga. Pini ilichomoka. Kizuizi chake hiki hapa."

Nikakifungua, nikakiweka mezani. Suruali nikaidaka ilipofika magotini.



"Anasemaje?" akauliza Ansgar. Verl akamwinamia sikioni. Mzee akaweka uma chini, polepole sana.

"Kwa hiyo nilikuwa peke yangu?"

Verl akainamia sahani yake.

Mama Hulda akakichukua kile kipini, akakigeuzageuza. "Nilikiona ulipoingia mlangoni. Nilikuwa nangoja nisikie toka kinywani mwako." Akakirudisha mezani. "Marehemu naye suruali zilimsumbua. Mnadhani alipataje kuwa marehemu?"



Akaingia chumbani, akatoka na mikanda ya mabegani ya mumewe. "Vaa. Mashine imeharibika?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa ule. Verl, wewe si hodari wa kupunguza uzito? Pai ya leo utaitazama."

Nilikaa pale misimu minne. Kwa mtu kama mimi, huo ni uzee mzima. Lindqvist aliendelea kuwaonyesha wageni ule mstari na kuniita bingwa. Nilijaribu kumsahihisha, akaniambia nina unyenyekevu.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kinachoshika kazi yako usikifungie suruali. Suruali ikidondoka, watu watacheka, yataisha.

Pini ikidondoka, kuna mzee huko nyuma anashona magunia, hana habari.