Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Harufu ya moshi ilinifikia kabla sijamwona muuzaji. Meli yetu ya watalii ilikuwa imetia nanga kwenye kisiwa kimoja cha Wahispania, na sisi wa chumba cha kufulia tulipewa muda mfupi wa kushuka. Mwenzangu alinionyesha kwa kidole upande iliko Afrika; hakikuonekana kitu ila maji, nikapuuza. Hatua chache mbele nikanusa maziwa yaliyoingia moshi, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Mama mmoja aliyekuwa akiuza jibini la mbuzi alinikatia kipande nionje. Machozi yakanitoka mbele za watu. Nilipatamani nyumbani, kijijini kwetu Getanuwas, hadi nikatafuta pa kukaa.

Maziwa ya kwetu yalikuwa na ladha ile ile. Bibi, mama yake baba, alichoma kijiti cha mti fulani mpaka kikawa kaa, akakisugulia ndani ya kibuyu hadi pakawa peusi, akakung'uta majivu, ndipo akatia maziwa. Nilikuwa darasa la tatu. Mvua zilikuwa zimenyesha, ng'ombe wamerudi kutoka malisho ya mbali, na Mama alikuwa ndani na mtoto mchanga. Bibi aliniahidi kwamba msimu huo angenifundisha kuandaa vibuyu, kazi ambayo kwetu msichana hukabidhiwa akishaaminiwa. Nilingoja kwa hamu kubwa. Tatizo ni kwamba shuleni tulikuwa tumefundishwa usafi wa vyombo, na mimi nilikuwa mtoto wa kujua kila kitu. Siku moja nikachungulia kibuyu cha Mama, nikaona ule weusi, nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Nikachukua maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua mpaka mikono ikauma.

Kibuyu hunywa chochote unachokitia. Jioni Mama alionja maziwa, akayatema.

"Nani ametia sabuni humu?"

"Ni mimi, Mama," nikajibu kwa fahari. "Kilikuwa kichafu."

Bibi alikinusa, akakiweka chini taratibu. Hakunipiga. "Basi msomi ameshajua," alisema, na tangu siku hiyo akawa anaandaa vibuyu nikiwa shuleni. Nikirudi nakuta harufu tu, na mti wenyewe siujui. Udadisi ulinitafuna. Nilikusanya vijiti vya kila aina, nikavichoma kimoja kimoja nyuma ya zizi na kuvinusa. Kimoja kilinipigisha chafya siku nzima, kingine kilinuka kwato zilizoungua. Nilifanya yote isipokuwa kumwomba Bibi msamaha na kumwuliza. Kilikuwa kiburi, sina jina lingine la kukipa. Mvua zikaisha, maziwa yakapungua. Baadaye nikaenda shule ya bweni, na Bibi akafariki nikiwa huko.

Sasa nina paspoti iliyojaa mihuri, na najua kuuliza bei kwa lugha nne. Pale kisiwani nilimwuliza yule mama, kwa ishara za mikono, jibini lake amelifukiza kwa kitu gani. Akacheka, akainama chini ya meza, akanishikisha majani makavu ya msonobari. Ilichukua dakika moja tu. Nikampigia Mama simu hapo hapo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe, uko wapi saa hizi?"

"Mbali. Mama, Bibi alikuwa anachoma mti gani kwenye vibuyu?"

Mama akautaja kwa lugha yetu, mara moja, bila hata kufikiri. Akaniambia kwamba siku hizi wao wanatumia ndoo za plastiki, ni rahisi kuosha.

"Ila msimu ule," akasema, "kila asubuhi Bibi alikuwa anakutengea kijiti kimoja. Anasema, akija kuniuliza nitampa. Ukilala, anakitupa motoni."

Honi ya meli ililia ikituita turudi.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Alinikataza. Alitaka uje mwenyewe."