Pilau ya Ijumaa

Juzi mchana mjukuu wangu alifungua sinema ya zamani kwenye televisheni, ya wazungu, haina rangi, sauti zake zinakwaruza kama zinatoka ndani ya debe. Kuna mkubwa wa wezi humo ambaye hakuna anayemwona. Anasema kwenye simu tu, na wanaume wazima wanakwenda kuiba.

“Bibi, sasa wanamutii namna gani mutu hawajamuona?”

“Tazama tu,” nilimwambia. Baba yake, mwanangu, alikuwa amekaa mlangoni.

Hapa mtaani kwetu Buyenzi nasi tulikuwa na mkubwa wetu wa wezi. Jina lake ninalo, na la baba yake, na la duka lake la piyesi, vipuri vya magari, siyaandiki. Magari ya watu yalikuwa yanapotea, yanafunguliwa vipande vipande garajini usiku mmoja, na vijana waliofungua hawakujua wanamfanyia nani. Mwanangu, aliyekuwa mmoja wao, alijua. Alipokamatwa, yule mzee mwenye duka alikuwa wa kwanza kuja kunipa pole, na kanzu yake nyeupe, ananiita dada.

Kila Ijumaa baada ya sala alileta sahani ya pilau, imefungwa kitambaa cha kijani.

“Mupelekee mutoto kule gereza, dada. Umwambie ni mimi. Umwambie kila asubuhi naona wadogo zake wakipita kwenda masomo.”

Nami nilimfikishia mwanangu maneno hayo yote, bila kupunguza hata moja. Niliona ni huruma. Nilikuwa namwombea yule mzee dua. Mwanangu anatazama kitambaa, anakula. Mbele ya hakimu hakumtaja mtu. Akafungwa miaka saba.

Aliporudi hakula tena chakula changu. Anajipikia mpaka leo. Nilidhani gereza lilimharibu tumbo.

Sinema ikafika mwisho, mkubwa akajulikana. “Ee! Kumbe ni ule mzee wa heshima!” mjukuu anacheka.

“Yule alihitaji simu,” mwanangu akasema. “Wetu alikuwa na mama yangu, wa kuniambia wadogo zangu wanapita wapi.”

“Mi sikujua, mwanangu. Wallahi sikujua.”

“Ulikuwa unacheka, mama, ukinipa ile sahani.”

Kweli nilikuwa nacheka. Nilifurahi kwamba kuna mtu anatukumbuka. Na yule mzee alipokufa, nilipika kwenye matanga yake siku tatu. Mwanangu alipita akaniona nakoroga sufuria, akaendelea na njia yake.

Jana nimemtilia wali. Ameufunika vizuri kwa sahani nyingine, akaniachia.