Mawe Saba na Mbuzi Ambaye Sikumpata

Jambo lote lile lilitugharimu mawe saba ukubwa wa ngumi, na mbuzi mmoja ambaye sikumpata. Yule mbuzi nimeshamsamehe. Au tuseme, karibu nimsamehe.

Sikiliza, mwanangu, wewe unayekwenda kusomea miamba. Nilikuwa kijana, dalali wa ng'ombe mnadani Bunda, nikaja nyumbani Butiama kusalimia. Nikamkuta dada mmoja mtafiti penye chemchemi yetu, nyundo mkononi, akiomba vipande vya mwamba kutoka vilima vyetu viwili, apime maji yanatoka wapi. Kilima cha karibu, kilicho juu ya chemchemi, tulikilinda, maana tuliamini ndicho kinachotupa maji. Cha mbali ukoo ulikuwa tayari kuwauzia watu wa kokoto wakipasue.

Kwetu jiwe la vilima hivyo haliondoki bure. Anayelichukua huacha kitu. Nikaona biashara.

"Dada, mbuzi mmoja, jike. Na hapo nimekupunguzia."

"Kaka, kwa mbuzi si ningechukua kilima kizima?"

"Kilima kina bei yake."

Shangazi Nyangeta alikuwa anajaza ndoo. Akageuka.

"Wewe, mdomo wa mnadani! Mbuzi utamla leo, kesho utacheua nini? Hawa wanachukuaga mawe, harudigi mtu. Mwambie alete jibu. Hapa hapa, kwa maneno tunayoyaelewa. Na kilima hakiuzwi mpaka jibu lije."

Watu wa kokoto wakanuna. Baba zangu wadogo, waliokuwa wakisubiri fedha, wakanuna zaidi.

Dada akakubali, akaondoka na mawe saba na chupa ya maji; na alirudi, mwanangu. Alisimama palepale akatueleza kwamba ndani ya mwamba mna chembe za aina moja zinazopishana uzito, wao huziita isotopu. Kila mwamba una mchanganyiko wake, na maji yakipita humo kwa muda mrefu hutoka na mchanganyiko uleule. Alikuwa amepima mawe, akapima na maji. Maji yetu yalikuwa na alama ya kilima cha mbali. Kile tulichotaka kukiuza.

Shangazi akanigeukia.

"Haya, dalali. Mbuzi angetuambia hayo?"

Kilima kile kipo mpaka leo, kizima, na kiangazi kikikaza vijiji vya jirani huja na ndoo zao kwetu. Nikiwaona kwenye foleni natembea kifua mbele, sifichi.

Kwa hiyo mtu akitaka kilicho chako akakichunguze, usiishie kwenye bei. Dai na kile atakachokijua. Na wewe ukiwa ndiye mwenye nyundo, rudi, usimame penye chemchemi yao, useme waelewe. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi mnyoofu, na kila mlango utakaoubisha ufunguke hata mara ya pili.

Sasa nishauri na wewe. Siku ile dada alirudisha jiwe moja lililobaki, nusu yake imesagwa, na Shangazi akanikabidhi mimi. Nilirudishe kilimani, au uondoke nalo? Ukiondoka nalo, bei yake unaijua.